Tusisubiri mtoto afeli ndipo tumsaidie

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na viongozi wa elimu wa Ilemela na Nyamagana.

Nafundisha darasa la tatu. Nina binti mmoja mpole, daftari lake safi kuliko yote darasani. Siku moja nilifuta ubao, nikamwambia anisomee alichokwisha kuandika. Akainamisha kichwa. Kumbe alikuwa akichora maneno tu. Miaka miwili ya KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, ilikuwa imempita, na sisi walimu, nami nimo, tulikuwa tukimwekea vema.

Jirani yake wa dawati hukosa shule siku za giza, dagaa wanapovuliwa kwa wingi, maana humsaidia mama yake kuanika mwaloni. Mbalamwezi ikirudi, naye anarudi. Wa tatu alikuwa haoni ubao. Nilimhamishia mbele, basi.

Kwenye mtihani wote watatu walipata alama zinazokaribiana, na dawa tuliyowapa ilikuwa moja: masomo ya ziada jioni. Hilo ndilo linaloniuma.

Marekani, hasa tangu sheria yao ya elimu maalumu ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2004, shule nyingi husaidia wanafunzi kwa ngazi tatu. Kwanza wote hufundishwa vizuri na kupimwa mapema. Wanaosuasua huwekwa kwenye vikundi vidogo kwa wiki kadhaa, kisha hupimwa tena. Wachache ambao bado wamekwama husaidiwa mmoja mmoja, pamoja na wataalamu. Mtoto habaki kwenye ngazi moja. Akipata nafuu anashuka.

Wenzangu watauliza, na wana haki: tufanyeje hayo kwenye darasa la watoto zaidi ya mia, wakati kiwango cha serikali ni 45? Ndiyo maana nasema tuanze na ngazi ya kwanza. Nusu ya darasa wakiwa hawajui kusoma, hakuna vikundi vitakavyotosha. Hapo ufundishaji wa asubuhi nzima ndio ubadilike. Kila muhula, kila mtoto wa darasa la kwanza hadi la tatu amsomee mwalimu kwa sauti, peke yake. Matokeo yaandikwe na yamfuate anapohama, kwa sababu leo mtoto akitoka Igoma kwenda Kayenze, mwalimu mpya anaanza kumjua upya. Na yule wa dagaa anamhitaji afisa ustawi wa jamii akazungumze na mama yake kwa heshima. Masomo ya jioni hayamfai kitu.

Yule binti wa daftari safi sasa anasoma silabi na wenzake watano chini ya mwembe, dakika 20 kabla ya paredi. Juzi alisoma neno "kamongo" bila kusaidiwa, akacheka kwa sauti. Dakika hizo nazipata kwa kuwaondoa kwenye usafi wa mazingira. Naomba halmashauri iziweke kwenye ratiba, kwa shule zote.

Mwalimu wa shule ya msingi,
Ilemela, Mwanza