Ramani Yangu Iko Wapi?

Ndugu yangu Saidi,

Salaam aleikum. Huku wazima. Mama anakusalimu na anauliza habari za goti. Tangu arusi ya Mwanahawa umekaa kimya kama maji mtungini, na mimi nami sikuandika, basi tuseme tumelipana.

Kilichonishikisha kalamu ni ubishi wa barazani. Juzi Fundi Omari, kikombe mkononi, katangaza kwamba vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani viliamuliwa Gettysburg, na kwamba wewe ndiye uliyemwambia. Wewe! Mimi nasema viliamuliwa Vicksburg, mji wa ngome kwenye mto Mississippi. Gettysburg Lee, jemadari wa majimbo ya Kusini yaliyojitenga, alipigwa, 1 hadi 3 Julai 1863, sikatai. Lakini aliondoka na jeshi lake, akapigana karibu miaka miwili mingine. Kesho yake, tarehe 4, Pemberton, jemadari mwenzake wa Kusini, aliikabidhi Vicksburg kwa Kaskazini pamoja na askari wapatao 29,000. Siku tano baadaye Port Hudson, ngome nyingine ya mto huo, nayo ikaanguka, na Mississippi yote ikawa mikononi mwa Kaskazini. Kusini ikakatwa vipande viwili: Texas na Arkansas huko, wenzao huku, mto katikati.

Na Grant, jemadari wa Kaskazini, alivyohangaika kuufikia mji huo! Majira ya baridi yote yuko kwenye matope, anachimba mifereji, wapi. Usiku wa 16 Aprili merikebu za Porter, mkuu wa wanamaji wa Kaskazini, zikapita chini ya mizinga ya mji, ubavuni zimefungwa marobota ya pamba. Askari wakashuka kwa miguu ng'ambo ya magharibi, wakavushwa Bruinsburg, kusini ya mji. Mtu mwingine angekimbilia Vicksburg. Yeye akaenda kwanza mji wa Jackson, kwenye njia ya reli, chakula kingi akikitoa mashambani mwa watu, ndipo akageuka na kumpiga Pemberton Champion Hill. Hapo ndipo ningependa Omari aweke kidole kwenye ramani.

Alipoishambulia Vicksburg yenyewe, 19 na 22 Mei, alichapwa mara zote mbili. Akaamua kuwashindisha njaa. Siku 47! Raia walichimba mapango vilimani wakahamia na vitanda, nyama ya nyumbu ikaliwa, na gazeti la mji, karatasi zilipokwisha, likachapwa nyuma ya karatasi za kupambia kuta. Sisi luku ikiisha usiku mmoja nyumba nzima inanuna.

Nikamshika Omari kwa ufundi wake. Ile merikani, nguo ya pamba aliyoshona babu yake, nikamwambia, ilifumwa viwanda vya Massachusetts kwa pamba ya Kusini, ikaletwa Unguja na merikebu za Salem. Pamba ilipofungiwa na vita, ndipo nguo za Bombay na za Waingereza zikapata nafasi. Akanyamaza, akapuliza kahawa, akasema: "Lakini Saidi kasema."

Sasa nisaidie. Ramani yangu ya mto, ile ya kukunja, yenye doa la chai pale pale Bruinsburg (doa lako, usijifanye), bado unayo? Au umempa tena yule shemeji? Kweli ulimwambia Omari Gettysburg, au kakusingizia? Na kama ulisema, Lee angefanya nini na mto umekwisha kwenda? Utakuja Idi? Goti je?

Aliyekuletea barua hii anarudi Alhamisi. Mpe ramani, na uiandikie nyuma jibu lako, nitamsomea Omari mwenyewe.

Wako,
Hamisi