Kofia ngumu ya baiskeli inayoumiza kichwa: tunavyoipima na kuirekebisha dukani kwetu Tanga

Mchuuzi mmoja wa samaki, mtu mzima anayebeba tenga lake kutoka Deep Sea hadi Pongwe karibu kila asubuhi, alifika dukani kwetu kutiwa pumzi huku kofia yake ngumu ikining'inia kwenye usukani. Baada ya kumwamkia nilimwuliza mbona kofia imekaa hapo. "Mwanangu, nikifika nayo Kange kichwa chote kinagonga," alijibu, akanionyesha mfinyo uliobaki katikati ya paji la uso wake ingawa alikuwa ameivua muda mrefu. Nilimwomba aivae tena. Mbele ilimbana kama pete iliyokwama kidoleni, lakini pembeni, juu ya masikio, vidole vyangu viwili vilipita bila shida. Naye, kwa kuwa aliiona inachezacheza, alikuwa akizidi kukaza gurudumu dogo la kukazia lililo nyuma ya kofia, na kila alipolikaza maumivu ya paji yaliongezeka.

Kofia ya mzee yule ilikuwa saizi yake kabisa kwa sentimita, ila haikuwa na umbo la kichwa chake. Kuna vichwa vilivyo virefu kutoka paji hadi kisogo, na vingine ni vya mviringo, na watengenezaji nao hufuata umbo hili au lile. Ikiwa kofia inakuuma mbele na nyuma huku pembeni pakiwa wazi, ujue kichwa chako ni kirefu kuliko bakuli lake. Ikiwa inakubana juu ya masikio huku mbele na nyuma pakiwa na nafasi, ni nyembamba mno kwako. Tofauti ndogo tunaiondoa kwa kubadilisha pedi za sponji, nene upande ulio wazi na nyembamba upande unaobana. Tofauti kubwa haina dawa isipokuwa kutafuta kofia ya umbo jingine, na ndivyo tulivyomfanyia mzee. Kwa hiyo tunawasihi wateja wetu wasikubali kuambiwa kwamba kofia ikiumiza itazoeleka: sponji hulainika kidogo kwa matumizi, lakini sehemu inayouma kwenye mfupa itaendelea kuuma, na mwisho wake ni kofia kubaki kwenye usukani.

Kipimo chenyewe ni rahisi. Chukua futi kamba, ile ya fundi cherehani, uizungushe kichwani upana wa vidole viwili juu ya nyusi, ukipita sehemu iliyotokeza zaidi kisogoni. Usipokuwa nayo, uzi na rula vinatosha. Ndani ya kofia nyingi utakuta kibandiko chenye namba mbili, kwa mfano 54 hadi 58, na kipimo chako kiwe katikati ya namba hizo. Ukiangukia ukingoni, jaribu saizi zote mbili, kwa sababu herufi M ya mtengenezaji mmoja si lazima ilingane na ya mwingine.

Kabla ya kuivaa, legeza gurudumu la nyuma mpaka mwisho. Iweke kofia ikae sawasawa, ukingo wake wa mbele ukiwa juu kidogo ya nyusi. Wengi wetu huisukuma nyuma kama kofia ya kwenda harusini, na paji, ambalo mara nyingi ndilo linalotangulia chini mtu akianguka, linabaki wazi. Ndipo ukaze gurudumu taratibu, kisha utikise kichwa kabla ya kufunga mikanda. Kofia iliyokaa vizuri huvuta ngozi ya paji pamoja nayo, haitelezi juu yake. Baada ya hapo rekebisha mikanda: miwili ya kila upande ikutane chini kidogo ya sikio kwa umbo la herufi V, na ule wa kidevuni ufungwe kwenye bizimu yake ukiacha nafasi ya kidole kimoja au viwili. Piga mwayo mkubwa. Ukihisi kofia inavutwa chini utosini, mkanda uko sawa.

Hapa kwetu lipo jambo ambalo karatasi za maelekezo hazilitaji, nalo ni kile tunachovaa kichwani kabla ya kofia. Baraghashia iliyokakamaa kwa nakshi hufanya kofia ngumu itelezee juu yake, hivyo ni afadhali kuikunja na kuitia mfukoni mpaka ufike uendako. Mtandio mwepesi hauna tatizo, mradi pini zisiwe chini ya kofia na fundo la nywele likae chini ya ukingo wa nyuma. Dada aliyesuka wiki hii hana kichwa cha wiki iliyopita, kwa hiyo gurudumu lilegezwe na kupimwa upya. Tafadhali njoo kupimwa ukiwa umevaa kile unachokivaa siku zote.

Kwa watoto, tunajua ilivyo desturi kununua sare kubwa ili mtoto akue nayo. Kwenye kofia ngumu desturi hiyo ni ya hatari, kwani kofia kubwa huzunguka au kuchomoka wakati ule ule inapohitajika. Nunua inayomtosha leo.

Jambo jingine linatusikitisha sana. Tumewahi kuletewa kofia ambazo mwenyewe amezikwangua ndani kwa kisu ili apate nafasi. Lile povu gumu jeupe au jeusi ndilo kofia yenyewe: kichwa kikigonga chini, povu husagika na kulegeza pigo kabla halijafika kwenye fuvu, na unene wake umepimwa kwa kazi hiyo. Likishasagika mara moja halirudi, hivyo kofia iliyoanguka na mtu kichwani ibadilishwe hata kama ganda la nje linaonekana zima. Petroli na thina pia hulila. Kwa jasho la pwani yetu, bandua pedi, ambazo hushikwa kama vishikizo vya viatu vya watoto, uzifue kwa maji na sabuni ya kawaida, uzianike kivulini.

Mwenye kununua ya mtumba achungulie ndani atafute alama ya usalama ya EN 1078, ambayo ni ya Ulaya, au ya CPSC, tume ya Marekani ya usalama wa bidhaa, pamoja na mwaka wa kutengenezwa. CPSC yenyewe hushauri kofia ibadilishwe kila baada ya miaka 5 hadi 10. Bonyeza povu lote kwa kidole gumba, na penye ufa au ulaini usiokuwa kwingine, iache.

Kupima na kurekebisha mikanda dukani kwetu ni bure, hata kama kofia hukuinunua kwetu. Pedi tunazo za unene wa aina tatu. Ukija, vaa kofia yako kwa robo saa kabla ya kufika, ili ukiivua mbele yetu tuone mfinyo umekaa wapi.