Kibao kinasema Amani, watu wanasema kwenye kinu

Mhariri, salamu. Mimi ni bodaboda hapa Kigoma, kijiwe chetu kipo Mwanga, naomba nafasi niongelee hivi vibao vya majina ya mitaa maana vinatumalizia mafuta.

Juzi nimempakia dada mmoja mgeni, kashika simu, anasema anaenda Njia ya Amani. Nikamwambia dada yangu Amani zipo kibao mji huu, na Umoja, na Upendo, ya wapi? Akasema Buzebazeba. Haya, tumezunguka karibu nusu saa jua linawaka mpaka nikasimama kwa mama mmoja anauza mawese, akacheka, "Mwanangu hiyo Amani siijui, kwani mnamtafuta nani?" Dada akamtaja shangazi yake. "Aaah, si mseme kwenye kinu cha Mkongo!" Hapo tulishapita mara 3! Na kibao chenyewe kipo, kiling'oka, watoto wamekifanya nguzo ya goli.

Sasa kinu kile hakisagi siku nyingi na Mkongo mwenyewe alishafariki, ila jina limegoma kufa, na ukilisikia tu unajua pale walikaa watu waliovuka ziwa. Majina ya mji huu ndio yalivyo. Rusimbi, Rubuga, Buzebazeba, hizo Ru na Bu zinakwambia upo kwa Waha hata kama hujaamkiwa bado. Machinjioni inajieleza. Halafu anakuja mtu anaandika Lusimbi kwa L, nimekiona kwa macho yangu hicho kibao, mzee mmoja pale akasema wametuandikia kama wanavyotamka kwao.

Vibao vingi vililetwa 2022, ile operesheni ya anwani za makazi kabla ya sensa ya Agosti 23. Sipingi jamani, namba za nyumba zinasaidia sana, usiku ukiitwa umuwahishe mgonjwa unashukuru. Ila kwetu alikuja kijana na daftari, wazee wako msikitini, akauliza watoto wawili watatu akajaza akasepa. Hakurudi.

Kingine, nendeni Ujiji. Livingstone ana kumbukumbu yake pale walipokutana na Stanley mwaka 1871, watalii nawapeleka mwenyewe, hela naipata, silalamiki. Lakini huyo Livingstone kabla ya hapo alikuwa Manyema huko Kongo, akarudi Ujiji hoi, na watu wa huko huko Manyema ndio wamejaa Ujiji mpaka leo, misikiti yao, ngoma zao, harusi zao hizo usiku kucha hulali. Mimi nazunguka Ujiji kila siku na sijawahi kuona kibao kimeandikwa Manyema. Huenda kipo uchochoro ambao sijaingia, ila nina mwaka wa 9 kwenye pikipiki na chochoro nilizobakiza ni chache!

Nimesikia vibao vilivyochakaa vitabadilishwa. Basi wakija wasianzie ofisini, waende kwa yule mama wa mawese wakae kwenye benchi lake dakika 10 tu, na kile cha goli wakiandike Njia ya Kinu. Watoto tutawatafutia nguzo nyingine.

Dereva bodaboda,
Mwanga, Kigoma