Niombee sauti ya Bibi

Kimilili, Jumapili jioni

Mpenzi Mwanaisha,

Salamu nyingi. Sisi tu wazima, ila mvua ya kila alasiri haituachi na nguo hazikauki. Najua nimenyamaza tangu harusi ya Wafula, nawe umenyamaza pia, basi tusidaiane. Nina shida, na dawa yake imo nyumbani kwenu Lamu: Bibi yako.

Nimepewa Kiswahili Gredi ya 8. Watoto 58, vipindi 4 kwa wiki, dakika 40 kila kimoja. Kusikiliza na Kuzungumza ndiyo mada ya kwanza, na ndiyo inayorukwa kuliko zote. Ukisema kila mtoto asimame azungumze, kengele italia kabla hata ya kupata dakika moja moja. Kwa hiyo mwalimu husoma kifungu, watoto wakimfuata kitabuni, halafu tunajaza kwamba wamesikiliza. Wamesikiliza nini? Wamesoma!

Nasi tulipitia huko huko. Unakumbuka karatasi ya kwanza ya Kiingereza, KCSE, ule mtihani wa kumaliza sekondari? Alama 30 kati ya 60 ni za stadi za kuzungumza, na ukumbi mzima kimya, tunapigia mstari silabi yenye mkazo. Nilizizoa zile alama, kisha kwenye usaili wa kazi ulimi ukanikwama.

Sasa nawaweka wawili wawili. Mmoja anaeleza kazi ya nyumbani anayoijua, mwenzake haandiki chochote. Kisha anayekuja mbele ni yule aliyesikiliza, aeleze ya mwenzake. Kuna msichana wa dawati la nyuma, tangu siku alipotamka "chana" akikusudia "jana" na darasa likalipuka "ameshrabu!" (yaani lafudhi ya kwao imemponyoka), hajafungua kinywa. Alhamisi akasimama kueleza jinsi jirani yake anavyokamua ng'ombe: kuosha kiwele, kupaka mafuta, kukamua. Mwenye ng'ombe akaruka: "Aa! Nilisema ndama anyonye kwanza, ndipo maziwa yashuke!" Msichana akamgeukia: "Hukusema. Ulisema ndama anafungwa." Wakabishana weee, darasa limetega masikio kujua nani mkweli, na hayo matamshi hakuna aliyeyakumbuka. Labda ni kwa kuwa habari haikuwa yake, hakuona haya. Sijui. Wewe uliyesomea mambo haya utaniambia.

Jirani yangu wa Hisabati ameshanishtaki ofisini. Kwake, darasa likivuma basi mwalimu hayupo. Naibu mwalimu mkuu alikuja mbio, macho makali kama kiboko, akanikuta nimesimama katikati yao.

Turudi kwa Bibi. Kiswahili wanachosikia watoto hawa ni changu, cha redio na cha stendi ya matatu. Nataka wamsikie mtu wa Lamu akisimulia hadithi, dakika 3 tu, kwa WhatsApp. Asisome popote. Akikohoa, acha, jogoo akiwika, acha. Aanze na "Paukwa", hawa watamwitikia hata kama ni simu. Nitaicheza mara mbili, vitabu vimefungwa: kwanza wasikie tu, halafu niwape la kutafuta. Spika nitaazima kanisani. Muombe ruhusa kwanza, na mwambie sauti yake haitapelekwa kwenye grupu lolote.

Nawe alama unatoaje? Hizo ngazi za "kufikia matarajio" na "kukaribia matarajio" unazijazaje kwa masikio, darasa zima? Unazunguka na daftari, au unachagua wachache kila kipindi? Na hao wanafunzi wako wa Mombasa, waliozaliwa wakisema, unawafanyaje hata wasubiri mwenzao amalize? Bibi nimtumie karanga au bado meno yanamsumbua?

Nijibu kabla ya Jumatano, kipindi ni Alhamisi asubuhi.

Wako,
Nekesa