Nakala za vitambulisho zisitupwe ovyo

Mhariri,

Juzi hapa Malindi nilifungiwa bajia kwa nakala ya kitambulisho cha mtu: picha, namba na sahihi, vyote vimelowa mafuta. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 yawataka wanaokusanya taarifa zetu wazihifadhi salama, ila muuza bajia atajuaje?

Ukipiga kopi, ondoka na zilizoharibika pia. Unayoikabidhi, iandike juu yake kazi yake na tarehe. Wenye laini za Safaricom wabonyeze *106# waone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chao.

 

Ofisi zinazodai nakala kwa kila jambo dogo zinunue mashine ya kuchana karatasi.

Msomaji,
Malindi