Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kumbukumbu ya Utumishi wa Escanaba

Ndugu wanachama,

Hesabu za fedha atazisoma mhazini. Mimi nawaletea kazi iliyochukua sehemu kubwa ya mwaka: kuandika upya kumbukumbu ya Escanaba, meli ya Walinzi wa Pwani wa Marekani iliyozama mwaka 1943. Kamati imeamua kwamba kumbukumbu hii isianze na kuzama kwake. Ianze na watu iliowaokoa, kwa kuwa huko ndiko uliko ujuzi.

Meli ilikuwa ndogo, urefu wake futi 165. Iliundwa Bay City, Michigan, ikaanza kazi Novemba 1932 katika kituo cha Grand Haven, ikivunja barafu na kuokoa mabaharia wa Ziwa Michigan. Vita vilipokuja, ilipelekwa kusindikiza misafara ya meli za Greenland.

Tarehe 3 Februari 1943, saa 6:55 usiku, nyambizi U-223 iliipiga kwa topido meli Dorchester, iliyobeba watu zaidi ya 900 katika msafara uliosindikizwa na Escanaba. Desturi ilikuwa kuteremsha wavu ubavuni, aliye majini apande mwenyewe. Kwenye maji ya baridi kali hilo haliwezekani: baada ya muda mfupi vidole havifumbi tena, na kamba humponyoka mtu akiwa ameishika. Luteni Robert Prause, ofisa wa Escanaba, alikuwa ameliona tatizo hili mapema, akaifanyia majaribio mbinu nyingine gatini. Baharia huvaa suti ya mpira, hufungwa kamba inayoshikwa na wenzake sitahani, huogelea hadi kwa mhanga, humvisha kitanzi chini ya makwapa, na walio juu huvuta. Anayeokolewa hahitaji nguvu yoyote.

Hatari zote ni za mwokoaji. Suti ikichanika hujaa maji. Chelezo cha kuokolea watu kinaweza kumbana ubavuni mwa meli. Chini ya tezi, yaani nyuma ya meli, kuna rafadha, panga zinazoisukuma meli. Waliofanya kazi hiyo gizani, wakiongozwa na vitaa vyekundu vya majaketi ya kuokolea, ni pamoja na Richard Arrighi, mpishi Forrest Rednour na mhudumu wa maofisa Warren Deyampert. Escanaba ilipandisha watu 133. Naomba mkumbuke pia hili: kati ya watu 50 hivi waliopandishwa wakionekana maiti, 12 tu ndio waliokuwa wamekufa kweli. Mwili uliopoa sana hudanganya macho, na laiti wangeachwa majini, tungekuwa tunawahesabu wote miongoni mwa wafu.

Tarehe 13 Juni mwaka huohuo, saa 11:10 alfajiri, Escanaba ililipuka ikiwa safarini kwenda Newfoundland na kuzama kwa takriban dakika tatu. Waokoaji wale watatu na Prause walikufa. Walipona mabaharia wawili tu. Nguo zao zilizolowa ziliganda na kushikamana na boriti iliyokuwa ikielea, wakabaki juu ya maji hata walipozimia. Chanzo cha mlipuko hakikuthibitishwa. Kwa hiyo katika rejista zetu, panapoandikwa “ilizamishwa na nyambizi”, pafutwe, paandikwe “mlipuko, chanzo hakijulikani”.

Marekebisho ya mwisho ni ya namba. Wakazi wa Grand Haven walichanga zaidi ya dola milioni 1 kwa kununua hati za dhamana za vita, yaani kuikopesha serikali, ili ijengwe Escanaba nyingine, iliyoanza kazi mwaka 1946. Hiyo namba yake ya utambulisho ni 64. Yetu ni namba 77. Picha za meli hizo mbili zisichanganywe tena kwenye faili moja.