Leza na baruti, jibu la swali lako

Shoga yangu Mwanaidi,

Salaam kutoka Chumbageni, huku wazima, mama anakusalimia sana. Voisi yako nimeisikiliza mara mbili, ile uloniuliza mtu anasomaje kitu kinacholipuka wakati kikishalipuka hakibaki kitu. Swali zuri mno, ndo maana nakuandikia kabisa.

Siri ni kwamba wanasayansi hawailipui. Mkemia Yuan T. Lee, aliyepata Nobel 1986, yeye na wenzake kule Berkeley, Marekani, walichukua RDX, baruti ya kijeshi, wakaipitisha ikiwa mvuke mwembamba ndani ya chombo kisicho na hewa, molekuli zimeachana hazigongani, kwa hiyo moja ikivunjika haimchokozi jirani yake. Halafu wanaipiga leza ya infraredi, yani mwanga usioonekana kwa macho, molekuli inajaa nishati mpaka inakatika, vipande vinaruka hadi kwenye mashine inayopima uzito wa kila kimoja. Sasa RDX ina umbo la pete yenye vikundi vitatu vya nitro (nitrojeni na oksijeni) vimening'inia pembeni, ungetegemea kikundi kimoja kichomoke kwanza si ndio? Matokeo waliyoyatoa 1988 yalionyesha mara nyingi pete yenyewe inapasuka vipande vitatu kwa mpigo! Mimi hapo nilisisimka jamani. Ila ni kwenye mvuke, kwenye donge molekuli zimebanana na mambo yanaweza kwenda vingine.

Alafu kuna Ahmed Zewail, Mmisri, Nobel 1999, yeye leza zake zilimweka kwa femtosekunde, yani sekunde uigawe mara milioni kisha kila kipande ukigawe tena mara bilioni, ukaona kifungo cha kemikali, kile kinachoshika atomu pamoja, kinakatika hapo hapo.

Na si mambo ya maabara tu shoga. Ukijua kifungo gani kinakatika kwanza unaanza kuelewa kwa nini kemikali hii inavumilia kugongwa na ile haivumilii, namna ya kuihifadhi, inazeeka vipi. Ule mlipuko wa Beirut, Lebanon, 2020 ulikuwa wa amonia nitreti, kitu ambacho watu wanatia shambani kama mbolea, tani 2,750 zimekaa ghalani miaka, watu zaidi ya 200 wakafa. Na sisi huku pwani baruti za kuvulia samaki zimeua matumbawe na zimekata watu mikono, tunazijua kwa kilio tu, kemia yake hatufundishani.

Kwa hiyo mdogo wako asikimbilie CBG (kemia, bailojia, jiografia) kisa fizikia ngumu, mwambie achukue PCM (fizikia, kemia, hisabati) au PCB (fizikia, kemia, bailojia). Akikwama aje kwangu likizo, nitakaa naye.

Wako,
Zuhura